Krisanthemumu: ua linalosubiri usiku

Ndugu wasomaji, tumezoea kuwaletea katika kurasa hizi makala ya sarufi, fasihi na mbinu za kufundishia. Safari hii tunawaomba mtoke nasi nje ya darasa hadi bustanini. Sababu ni swali ambalo tumeulizwa mara nyingi na wanafunzi na wageni wanaofika idarani kwetu hapa Kampala: yale maua ya duara yaliyojaa barazani, yenye petali nyingi kama mkeka uliosukwa, ni maua gani? Na imekuwaje mwaka mmoja yalikataa kabisa kuchanua, na mwaka uliofuata yakachanua karibu yote kwa wakati tuliotaka?

Maua hayo ni krisanthemumu. Tumejifunza kuyakuza kwa kukosea kwanza, na kosa letu nusura limwumize mtu asiye na hatia. Tunaeleza hapa tuliyojifunza ili mwenye uwanja mdogo nyumbani, au hata vyungu vitano tu vya maua, aweze kuyapanda na kuyafurahia bila kupitia njia tuliyopitia sisi.

Jina na ukoo wake

Tuanze na jina, kwa kuwa sisi ni watu wa lugha. Jina la kitaalamu Chrysanthemum lilitokana na maneno mawili ya Kigiriki, moja lenye maana ya dhahabu na la pili lenye maana ya ua. Kwa hiyo ni "ua la dhahabu", ingawa leo yapo meupe, ya waridi, ya zambarau, mekundu na hata ya kijani. Wachina walilikuza ua hili kwa karne nyingi kabla halijafika Ulaya, na mshairi wao Tao Yuanming, aliyeishi katika karne ya 4 na ya 5, anakumbukwa mpaka leo kwa jinsi alivyolipenda. Kutoka China lilifika Japani, ambako huitwa kiku, na nembo ya mfalme wa nchi hiyo ni ua la krisanthemumu lenye petali 16.

Mmea huu ni wa ukoo mmoja na alizeti. Ukilichukua ua moja ukalipasua katikati, utaona kwamba kumbe si ua moja. Ni maua madogo madogo mengi yaliyokaa pamoja juu ya kikalio kimoja. Kila kinachoonekana kama petali ni ua dogo linalojitegemea. Mwanafunzi mmoja alituuliza kama basi tuseme "ua hili" au "maua haya". Tulimjibu kwamba sarufi inafuata jicho la msemaji, na jicho linaona ua moja.

Krisanthemumu ina ndugu ambaye wasomaji wengi wa Afrika Mashariki wanamfahamu zaidi, naye ni pareto. Pareto hulimwa katika nyanda za juu zenye baridi: Musanze na Nyabihu nchini Rwanda, Nakuru na Nyandarua nchini Kenya, Mbeya, Iringa na Njombe nchini Tanzania. Maua yake meupe hukaushwa na kutolewa dawa ya kuulia wadudu. Zamani wataalamu waliiweka pareto katika jenasi moja na krisanthemumu, kisha wakaihamisha. Krisanthemumu za bustani nazo ziliwahi kuhamishiwa jina jingine, Dendranthema, mpaka uamuzi wa wanabotania wa mwaka 1999 uliporudisha jina la kale. Wenzetu wanaobishana juu ya istilahi za isimu wasione haya; hata wataalamu wa mimea huhama na kurudi.

Mwaka tuliokosa maua

Mnamo Novemba 2021, UNESCO ilitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Katika idara yetu siku hiyo huwa na hotuba, ngonjera na wageni. Mwaka 2023 tuliamua kwamba tusinunue maua ya kupamba ukumbi, bali tuyakuze wenyewe. Katikati ya Machi tulimpa mtunza bustani wetu vipandikizi. Alivipanda katika safu mbili, moja mbele ya baraza la ofisi na nyingine nyuma ya jengo, karibu na ukuta wa stoo.

Yaliyotokea yalitushangaza. Safu ya nyuma ilitoa maua mwezi Mei, mimea ikiwa mifupi, haijafika hata magotini. Ilipofika Julai maua yale yalikuwa yamekwisha kunyauka. Safu ya mbele ilikuwa kinyume chake: mimea mirefu, majani ya kijani kibichi, yenye afya, lakini bila tumba hata moja. Tarehe 7 Julai ilitukuta mikono mitupu, na asubuhi hiyo tukaenda kununua maua sokoni.

Hapo ndipo tulipoanza kumtafuta wa kulaumiwa. Tulisema mtunza bustani ameijaza samadi safu ya mbele kwa sababu wakubwa wanaiona, na ameisahau ya nyuma. Barua ya kumwonya ilikuwa imeshaanza kuandikwa. Kabla haijatiwa saini, mwenzetu mmoja akasema si haki kumhukumu mtu bila kumsikiliza. Mzee aliitwa. Hakujitetea sana. Alitupeleka barazani akatuonyesha mimea mitatu ya mwisho, iliyo nyuma ya nguzo. Hiyo mitatu ilikuwa na matumba. Kisha akanyoosha kidole juu, kwenye taa ya ulinzi inayowaka usiku kucha. "Walimu," akasema, "hizi zilizo kwenye mwanga hazilali."

Alikuwa amesema kweli, na tulipokwenda kusoma tuliyopaswa kuyasoma mapema, tulikuta sayansi nzima ndani ya maneno yake mawili. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Taa ilikuwa yetu, na sisi ndio tulioagiza iwashwe. Barua ilichanwa, na tukamwomba mzee radhi.

Jinsi mmea unavyopima giza

Krisanthemumu ni mmea unaochanua usiku unapokuwa mrefu. Mwaka 1920 watafiti wawili wa Marekani, Garner na Allard, walieleza kwamba mimea mingi huongozwa na urefu wa mchana na usiku katika kuamua lini itoe maua. Baadaye ilibainika kwamba jambo linalopimwa hasa ni giza. Majani yana kemikali inayohisi mwanga. Giza likiendelea kwa saa za kutosha bila kukatizwa, usiku baada ya usiku, majani hupeleka habari kwenye ncha ya shina, na ncha hiyo huacha kutoa majani ikaanza kutoa tumba. Giza likikatizwa na mwanga, hata wa taa hafifu, mmea huhesabu kwamba usiku ni mfupi, na huendelea kutoa majani tu.

Katika nchi za kaskazini, kama Ufaransa, usiku huwa mfupi majira ya joto na hurefuka kuelekea mwisho wa mwaka. Ndiyo maana krisanthemumu huko huchanua karibu na Oktoba na Novemba, na Wafaransa huzipeleka makaburini tarehe 1 Novemba, Sikukuu ya Watakatifu Wote.

Sisi tulio kwenye ikweta hali yetu ni nyingine. Mchana wetu ni wa takribani saa 12 mwaka mzima, na usiku vilevile. Kwa krisanthemumu, usiku wa namna hiyo ni mrefu wa kutosha mwezi wowote. Faida yake ni kwamba tunaweza kupata maua Januari au Agosti, tutakavyo. Hasara yake ni kwamba kipandikizi kikiwekwa ardhini huanza kutoa tumba kabla hakijakua, kama ilivyokuwa safu yetu ya nyuma. Mashamba ya maua yaliyo kandokando ya Ziwa Nyanza hapa Uganda yanalijua jambo hili vizuri. Yanakuza vipandikizi vya krisanthemumu vya kuuza Ulaya kwa ndege kutoka Entebbe, na kwa kuwa mteja anataka kipandikizi kisicho na tumba, mimea mama huwashiwa taa usiku.

Kwa hiyo siri yote ya kukuza krisanthemumu ikweta ni hii: kwanza unyime mmea usiku mpaka ukue, halafu uurudishie usiku wake ili uchanue. Taa ile ile iliyotuharibia mwaka wa kwanza ndiyo iliyotutengenezea mwaka wa pili.

Kupanda hatua kwa hatua

Mwaka uliofuata tulipanda katika vyungu ili tuweze kuihamisha mimea. Tulifuata hatua zifuatazo, na zinafaa nyumbani pia.

1. Kukata vipandikizi. Chagua shina changa lenye afya, lisilo na tumba. Kata ncha yenye urefu wa sentimita 7 au 8 kwa kisu kikali na safi. Ondoa majani ya chini, ubakize machache ya juu.

2. Kuotesha mizizi. Chomeka vipandikizi katika mchanga wenye unyevu, au mchanga uliochanganywa na mboji iliyooza vizuri. Weka kivulini na ufunike kwa mfuko wa nailoni unaopitisha mwanga. Funua kidogo kila siku ili hewa iingie. Mizizi hutoka baada ya wiki 2 hadi 3. Tangu siku hii ya kwanza, vipandikizi viwe karibu na taa inayowaka usiku.

3. Kuhamishia chunguni. Tumia udongo usiotuamisha maji, uliochanganywa na mboji au samadi iliyooza. Chungu lazima kiwe na tundu chini. Anayepanda ardhini aache sentimita 30 hadi 45 kati ya mmea na mmea.

4. Kukata ncha. Wiki 2 baada ya kuhamisha, kata ncha ya juu ya kila mmea kwa kucha. Wanafunzi wetu waliona hatua hii kuwa ukatili, lakini pasipo kukatwa ncha mmea huwa na shina moja jembamba lenye maua machache. Ukikatwa hutoa matawi matatu, manne au zaidi, na kila tawi litabeba maua.

5. Jua, maji na mbolea. Mmea unahitaji jua la moja kwa moja kwa saa 6 au zaidi kwa siku. Mwagilia udongo, usimwagilie majani, na ifanyike asubuhi. Mbolea itolewe mimea inapokua. Ipunguzwe matumba yanapoanza kuonekana.

6. Kurudisha usiku. Mimea ikifikia kimo unachotaka, ihamishie mahali penye jua mchana na giza kamili usiku. Pasiwe na taa ya dirishani wala taa ya jirani. Kuanzia siku hiyo hesabu wiki 7 hadi 10, kutegemea aina.

Asiye na taa ya barazani anaweza kutumia balbu moja ya mwanga wa njano, iliyoning'inizwa kama mita moja juu ya mimea. Si lazima iwake usiku kucha. Saa 4 za katikati ya usiku, kuanzia saa 4 hadi saa 8, zinatosha kuukata usiku vipande viwili. Umeme ukikatika usiku mmoja usiwe na hofu, kwani mmea hauamui kwa usiku mmoja. Ukikatika usiku mwingi mfululizo, matumba yataanza kujitunga.

Kalenda yetu ya Julai

Anayetaka maua kwa siku maalumu ahesabu kwa kurudi nyuma. Sisi tuliianza hesabu kutoka tarehe 7 Julai. Wiki 9 kabla yake ni tarehe 5 Mei. Siku hiyo tuliviondoa vyungu chini ya taa tukavipeleka nyuma ya jengo kwenye giza. Wiki 7 kabla ya hapo ni tarehe 17 Machi. Siku hiyo tulikata vipandikizi. Tarehe 7 Aprili tulihamishia chunguni, na tarehe 21 Aprili tukakata ncha. Kalenda hiyo iliangukia katika mvua za Machi hadi Mei, kwa hiyo maji hayakuwa taabu; taabu ilikuwa kuzuia vyungu visijae maji.

Hatukufaulu asilimia mia. Krisanthemumu nyeupe zilitangulia kwa siku 4, na za zambarau zilichelewa wiki nzima, kwa kuwa kila aina ina muda wake. Hata hivyo, wageni walipofika tarehe 7 Julai walipita kati ya safu mbili za vyungu vilivyochanua, na aliyepewa nafasi ya kuwaeleza jinsi maua yalivyokuzwa alikuwa mzee wetu. Alieleza kwa Kiswahili, taratibu, na alipigiwa makofi kuliko mtoa hotuba. Mwaka uliotangulia tulikuwa tumekaribia kumpa barua ya onyo.

Wadudu na magonjwa

Adui wa kwanza ni vidukari, wadudu wadogo wanaokaa kwenye ncha changa na kufyonza maji ya mmea. Wakiwa wachache, waoshe kwa maji yenye sabuni kidogo. Wengine ni vithiripi, wanaochubua petali, na utitiri, anayeongezeka wakati wa kiangazi. Dawa itokanayo na pareto husaidia, na hapo ndipo ndugu anapomlinda ndugu yake. Ipulizwe jioni, nyuki wakiwa wamerudi, na isifike kwenye bwawa la samaki, maana samaki na nyuki pia huiona kuwa sumu.

Magonjwa mengi huja na unyevu. Ukungu huonekana kama unga mweupe juu ya majani. Kutu nyeupe ni mbaya zaidi: huacha mabaka ya manjano juu ya jani na vipele vyeupe chini yake. Majani yenye dalili hizo yakatwe na kuchomwa, yasitupwe kwenye shimo la mboji. Tahadhari nyingine ni kwamba utomvu wa krisanthemumu huwasha ngozi za baadhi ya watu, na mmea ukiliwa na paka au mbwa huwadhuru.

Kulifurahia ua

Krisanthemumu ni ua la subira na halina haraka ya kuondoka. Likikatwa na kuwekwa ndani ya chombo cha maji, linaweza kukaa wiki 2 au zaidi. Kata shina asubuhi, ondoa majani yote yatakayozama majini, na badilisha maji kila baada ya siku mbili. Anayependa ua moja kubwa aondoe matumba madogo ya pembeni mapema, abakize la katikati. Anayependa wingi ayaache yote. Wachina hukausha maua ya aina maalumu wakayafanya chai, lakini msijaribu kunywa maua ya dukani, kwani yamepuliziwa dawa.

Maua yakiisha, usiung'oe mmea. Kata mashina yabaki sentimita 10 au 15 kutoka ardhini. Machipukizi mapya yatatoka shinani, na hayo ndiyo yatakayokupa vipandikizi vya msimu ujao. Kwa njia hiyo mtu aliyenunua mmea mmoja anaweza kuwagawia majirani wote.

Bustani kama darasa

Tumalizie na faida ambayo hatukuitarajia. Wanafunzi wetu wengi huzungumza Kiganda nyumbani, na ua wanaliita ekimuli. Walipofika bustanini walijifunza maneno ambayo kitabuni yalikuwa hayakai kichwani. Mmea huchipua, hutoa tumba, huchanua, hunyauka, na petali zake hupukutika. Kila kitenzi walikiona kwa macho kabla ya kukiandika. Siku moja tuliwapa kazi ya kutunga sentensi zenye neno "ua" kwa maana zote wanazozijua: ua na wingi wake maua, ua na wingi wake nyua, na kitenzi "kuua". Mmoja alirudi na sentensi hii: "Pareto ni ua linaloua wadudu waliomo uani." Tuliibandika ukutani, na bado ipo.

Wenzetu walimu, mkiwa na uwanja mdogo mbele ya idara zenu, jaribuni. Mkipata shida, angalieni kwanza taa kabla ya kumwangalia mtu. Na mkipita Kampala msimu wa maua, karibuni barazani kwetu. Vipandikizi vipo, na mzee yupo tayari kuwaonyesha jinsi ya kuvikata.